Ubani wa kwa Sharifa

"Asubuhi hii umemlilia nani, Sauda wee? Mama yako yuko hai, anakaanga bagia pale sokoni."

"Nimelia kwa zamu yangu, Bi Mwanakheri. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Walikuwa wakirushiana maneno barazani, na mtaa mzima tumetega masikio, kama kawaida yetu. Tangu treni ya kifahari ianze kusimama hapa kwa ziara, haruhusiwi mtu kuingia kwenye kaburi la Sharifa, walii wetu, ila aliyeshuka treni, au jirani aliyeajiriwa kusali na kulia mbele ya wageni. Sauda alifaulu usaili. Bi Mwanakheri aliambiwa machozi yake yanachelewa kutoka.

Na nyumba yake ndiyo iliyopakana na ukuta wa kaburi. Kabatini ana chupa ya marashi, nadhiri aliyoachiwa na marehemu mama yake aitimize kwa mkono wake, na mwaka wa nne huu hajapata kuyamimina kaburini.

"Nipe basi nikakumiminie," alisema Sauda, sauti imeshuka.

"Nadhiri haitumwi mtu, mwanangu."

Upepo ukapita kwenye kanga za Sauda ukaleta harufu ya ubani wa mle kaburini, ule ule wa siku mama yake alipomshika Bi Mwanakheri mkono, akiwa mtoto wa miaka sita, akamwingiza kwa Sharifa. Bi Mwanakheri akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mwisho.

"Wali umeiva," akasema. "Ingia ule. Hizo kanga usizivue."