Viatu vya Mtihani

"Tazama nje," Mzungu alimwambia Yordani katika ofisi ya shamba la mkonge, karibu na Korogwe. "Kwa Kiingereza, sema watu hufanya nini kila siku, halafu wanafanya nini sasa hivi. Ukikosea, ukarani huupati."

Yordani akageukia dirisha. Viatu vilimbana. Vilikuwa vya baba yake.

"Karani haendi pekupeku, mwanangu," mzee alimwambia asubuhi hiyo, akivivua.

"Na wewe, baba? Kule kwenye mashine kunateleza."

"Nimeilisha mkonge mashine ile ya korona miaka tisa, sijaanguka."

Yordani akaanza kwa Kiingereza. "Wanawake huanika singa, nyuzi za mkonge, kila siku."

Mzungu akatia alama ya vema.

Hapo ngurumo ya korona ikakatika. Wanaume wanne wakatoka bandani mbio, wamebeba mtu kwenye gunia. Miguu yake mitupu ilining'inia, imetapakaa maji ya kijani ya mkonge. Kwenye goti la suruali palikuwa na kiraka chekundu, kile alichokishona Yordani mwenyewe.

Akitoka ofisini sasa, baba atakuwa amevua viatu bure.

"Endelea," Mzungu alisema, macho kwenye karatasi.

"Wanaume wanne wanakimbia. Wanampeleka mtu zahanati."

"Vizuri. Moja ya mwisho."

Kabla ya kufika zahanati, wale wanaume walisimama, wakaliweka gunia chini, wakainama kusikiliza pumzi zake. Kisha wakalinyanyua tena.

"Sasa hawakimbii," Yordani alisema, bila kosa hata moja. "Wanatembea."

Mzungu akatia alama ya vema.