Maow na Mbuzi wa Jirani

“Kisha?” Nafiso akauliza.

Warsan alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake haifiki chini. “Kisha Maow akapanda mbuzi wa jirani.”

“Akampandaje, na yeye ni mfupi vile?”

Msichana akafikiri. “Alikanyaga dumu la maji.”

“Enhe. Mbuzi akafanya nini?”

“Akakimbia naye mpaka kwenye foleni ya posho. Watu wote wakacheka. Maow akaanguka.”

“Akalia?”

“Hakulia, hooyo,” msichana akamwambia mama yake. “Hata kidogo.”

Nafiso alitazama turubai la wodi. Tangu apasuliwe tumbo katika kliniki hii ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley hakuwa ameweza kusimama. Mshono haukumuuma tena. Hakuna kilichomuuma.

Kila alasiri binti yake huyu wa miaka saba alimletea habari za Maow, mdogo wake. Mwanzoni alisema neno moja moja tu: amekula, amelala. Nafiso ndiye aliyemfundisha kusimulia. Alimwuliza nani alikuwepo, jua lilikuwa wapi, mbuzi ana rangi gani. Mtoto akikwama, mama alimpa neno la kumvusha.

“Alivaa shati gani?”

Warsan akamgeukia Saynab, mama yake mdogo, aliyesimama mlangoni. Saynab alikuwa akiangalia mchanga.

“Lile la kijani, siyo?” Nafiso akasema.

“Ndiyo! La kijani. Likachafuka, habaryar Saynab akalifua.”

“Umesimulia vizuri. Kesho utaniambia mbuzi alirudije kwa mwenyewe.”

Warsan akambusu mkono, akashuka, akatoka mbio. Alikuwa ameshaanza kutabasamu, kama mtu aliyepata cha kusema kesho. Saynab akamfuata bila kuaga.

Kwenye kitanda cha pili, mama mmoja mzee aitwaye Khadijo, aliyeletwa asubuhi hiyo, alikuwa bado anacheka.

“Mashallah, una mtoto wa maneno! Na huyo mpanda mbuzi, mbona hawamleti umwone?”

Nafiso hakugeuza kichwa. Sauti yake ilitoka ileile aliyoulizia habari za shati.

“Walimzika Ijumaa,” alisema. “Warsan anadhani bado sijaambiwa.”