Kokoto ya Bi Shuweha

Kila Jumamosi asubuhi Mbaruku aliwatembeza watu mji wa kale, akiwasimulia jinsi tajiri mmoja alivyouawa zamani. Mwishoni kila mtu aliweka kokoto kwenye mlango wa aliyemshuku, ndipo Mbaruku akamtaja muuaji. Tangu vita vilipoanza, waliokuja ni wenyeji tu.

Leo Bi Shuweha alibaki na kokoto yake mkononi.

"Hujaamua, mama?"

"Muuaji wa huyo tajiri anajulikana, baba. Twendeni na kwangu."

Wakamfuata hadi kwenye nyumba yake iliyopigwa kombora. Kitanda cha marehemu mwanawe kilionekana kutoka barabarani.

"Haya, tuulize kama unavyouliza kule."

Mbaruku akavua kofia. "Nani amemuua?"

Bi Shuweha akageuka taratibu, kokoto mkononi, akitafuta mlango wa kuiweka.