Akiba ya Kiangazi

Zamani, wanyama walipoanza kuajiriwa, Kiboko alifungua kiwanda cha matofali, akawaambia wafanyakazi: "Maji ni uhai, jamani. Kila mmoja anywe nusu kata, inayobaki irudi bwawani. Tunaweka akiba ya kiangazi."

Kanga aliyashika maneno hayo kama aya. Alikunywa robo, na bado akawachungulia wenzake wakinywa. Siku moja Kicheche akamnong'oneza, "Dada Kanga, hivi maji haya tunamwekea nani?"

Kanga akakimbia kwa bosi. Kicheche akafukuzwa kabla udongo haujamkauka miguuni.

Kiangazi kikafika, bwawa limejaa pomoni. Wafanyakazi wakapanga foleni na kata zao, midomo imewapasuka. Kiboko akawapita, akavua koti, akajitosa na kugaagaa mpaka maji yote yakawa tope.

"Bwana mkubwa!" Kanga akalia. "Si ulisema ni ya kiangazi?"

"Kwani hiki ni masika?" Kiboko akajibu, amefumba macho kwa raha. "Ngozi yangu haistahimili jua."

Kanga akawageukia wenzake wamsaidie kulalamika. Wote wakatazama chini. Aliyewahi kufungua mdomo mbele ya Kanga, walishaona alikoishia.