Kichwa Kimebaki

Mzee aliyeletwa kukaa mbele ya darasa ili tumchore alikuwa baba yangu.

Asubuhi hiyo alituaga nyumbani, tai shingoni, kwamba anakwenda ofisini, kama kila siku. Aliponiona alisita kidogo, kisha akavua viatu, akaketi, akainamisha kichwa.

"Dakika arobaini, mzee wangu, usitikisike," mwalimu alimwambia. "Na nyie wa mwaka wa kwanza, choreni mnachokiona, siyo mnachokijua."

Nilianza na miguu. Kisigino cha soksi kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Mama alikishona juzi, akinung'unika kwamba hiyo ofisi inakula soksi. Nikapanda magotini, mikononi, hadi kwenye fundo la tai. Hapo mkono ukagoma.

Mwalimu akasimama nyuma yangu. "Mbona huyu hana kichwa?"

"Ameinama, mwalimu. Uso hauonekani."

Penseli za wenzangu ziliendelea kukwaruza. Baba, aliyekatazwa hata kujikuna, akainua uso taratibu, akanitazama.

"Sasa unaonekana," alisema. "Chora."