Chupa ya Wadudu Wekundu

Kwa ncha ya kidole, Nshobole alimsukumia mdudu mwekundu ndani ya chupa, akafunga kifuniko haraka. Mgongo mwekundu, madoa meusi: hata kwa sura alifanana na mwizi.

Kila kukicha aliwasaka hivyo, na kila kukicha mawaridi yake yalizidi kunyauka. Vikonyo vilijaa chawa wa kijani, majani yalinata na kujikunja. Marehemu mama yake ndiye aliyeleta mche wa kwanza kwa meli kutoka Bukavu, akaupanda hapa Keshero, mjini Goma, katika udongo mweusi wa volkano. Tangu hapo altare ya Pasaka ilipambwa kwa maua ya bustani hii. Mwaka huu akina mama wa parokia walishaanza kunong'ona kwamba watafute kwingine. Nshobole aliona kama anamzika mama yake mara ya pili.

"Nshobole, bile bidudu byekundu ubiache tu!" Umurerwa, jirani yake, aliita kutoka upande wa pili wa ukuta wa mawe.

Nshobole alimgeuzia mgongo. Jirani gani huyo anayewatetea maadui wa maua yako? Miaka yote wameombana chumvi na moto, kumbe mwenzake alikuwa na lake moyoni! Ilimuuma sana. Siku hizi hata salamu hakumpa.

Afadhali Aurélie. Huyo walikaa benchi moja shuleni Bukavu, wote wakaolewa Goma, na mawaridi yake kule mtaa wa Himbi yalikuwa na ugonjwa uleule. Ndiye aliyemfungua macho.

"Ni bile bidudu byekundu biko nakula maua, dada," alimwambia. "Lakini usibiponde, mayai itabakia. Bitie mu chupa, miye nitabichoma. Kwangu mbabula haizimike, nakaanga beignets kutwa."

Na kila jioni alipita mwenyewe kuichukua chupa. Rafiki wa namna hiyo utampata wapi?

Jumatano ya Juma Kuu, Aurélie hakupita. Nshobole akajifunga kitenge, akaichukua chupa, akapanda pikipiki hadi Himbi. Njiani machozi yalimlenga. Alikuwa amekata tamaa. Alitaka kumwambia rafiki yake kwamba kesho atayang'oa mawaridi ya mama.

Mbele ya nyumba jiko la mbabula lilikuwa likiwaka, maandazi ya beignets yakiungua kwenye mafuta, mtu hayupo. Nshobole akazunguka nyuma.

Mawaridi ya Aurélie yalikuwa yamechanua, meupe pee. Kichaka kimoja tu kando ya ukuta kilikuwa bado na chawa wa kijani. Hapo Aurélie alikuwa amepiga magoti, chupa ya jana mkononi, akiigongagonga taratibu. Wadudu wekundu wakamwagika juu ya kikonyo, wakawavamia chawa, wakaanza kuwatafuna.

"Mukule, batoto bangu," Aurélie alinong'ona. "Kesho Nshobole atatupatia bandugu benu."