Miti ya Lango la Zizi

Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini mwangu, Misungwi, mshenga alipotamka sharti la mwisho.

“Babu, binti aache masomo ya nyuklia. Mionzi hukausha tumbo. Sisi tunaoa mama wa watoto, hatuoi mtambo.”

Wenzake wakacheka. Mjukuu wangu Odeta, aliyekwisha kupata nafasi ya kusomea sayansi hiyo chuoni, aliinamisha macho kwa heshima.

Nikamwuliza mshenga, “Mama yako alipougua saratani, alitibiwa kwa kitu gani?”

“Kwa mionzi, Babu. Kule Mwanza.”

“Na mtaalamu aliyeipima mionzi hiyo alikuwa nani?”

Akajikuna shingo. “Dada mmoja hivi.”

“Dada huyo, ulimwuliza habari za tumbo lake kabla hajamponya mama yako?”

Niliinuka kwa hasira, nikashika mti wa juu wa lango la zizi ili niuchomoe. Ulikuwa umelowa mvua, na gome lake likanichuna kiganja.

Ndipo ncha ya pili ikainuka. Odeta alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

“Vuta, Babu,” alisema. “Ng'ombe hawa warudi kwao.”